Kani ya Damu Mishipani na Kifaa Kinachoiiga

Katika karne ya 13, tabibu wa Kiislamu Ibn al-Nafis, aliyehudumu mjini Kairo, aliandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupitia mapafuni, kisha hufika upande wa kushoto. Wataalamu wa zama zetu wanauliza jambo lililo karibu na hilo: damu ipitapo, huufanyia nini mshipa wenyewe?

Ukuta wa ndani wa ateri umetandazwa seli zinazohisi msuguano wa damu. Damu itiririkapo sawasawa, seli hizo hujipanga kufuata mkondo na kuulinda mshipa. Penye matawi, kama pale ateri ya shingo inapogawanyika, mkondo huyumba, mpangilio huvurugika, na mafuta hujikusanya. Ndiyo sababu mishipa haizibi kila mahali, ijapokuwa damu ni ile ile.

Ili kulichunguza hilo, watafiti hutengeneza kipande cha silikoni angavu chenye vifereji vyembamba mno. Humo huotesha seli za binadamu, na pampu hupitisha majimaji juu yake. Vipimo vyataka uangalifu: kimo cha kifereji bapa kikipunguzwa kwa nusu, na majimaji yapitayo yakabaki kiasi kile kile, msuguano huongezeka mara 4.

Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walieleza namna ya kubeba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ndani ya vifurushi vidogo mno, vinavyovunjika pale msuguano unapozidi, yaani penye mshipa uliobanwa. Walivijaribu katika vifereji vya namna hii na kwa panya wa maabara.

Hata hivyo, familia zetu zisingoje maabara. Shinikizo la damu huudhuru ukuta wa mishipa kimyakimya, na wako wazee wetu wanaoacha vidonge kwa kuwa hawasikii maumivu. Tunawanasihi watoto wao wawapeleke kupimwa, wasikatishe dawa bila kauli ya daktari, na kabla ya Ramadhani wamuulize saa za kuzimeza. Sigara nayo iachwe. Mwili ni amana, na kuutunza ni katika kumshukuru Aliyeuumba.

Wabillahi tawfiq.