Herufi haijapotea, imesomwa vibaya

Tarakilishi haijui herufi. Inajua nambari tu, na jedwali la usimbaji ndilo huiambia nambari ipi ni herufi gani. Kiswahili kimebahatika: herufi zake zote zinaenea katika ASCII, jedwali lililoanza mwaka 1963 na lenye nafasi 128. Jirani yake Kikamba hakijabahatika hivyo.

Kikamba kina irabu saba, mbili kati yazo zikiandikwa kwa kiwimbi juu: ĩ na ũ. Kiwimbi hicho si pambo. Kũtuma ni kusuka, kama kusuka kiondo. Kũtũma ni kumtuma mtu. Kiondoe, na mjumbe anageuka kiondo.

Hapa Syokimau ninakoishi, mzee mmoja alinionyesha faili ya chama chao cha kuzikana. Kila palipostahili kuwa na “mũndũ” paliandikwa “mÅ©ndÅ©”. Alidhani ni virusi na tayari alikuwa ameanza kufuta neno moja moja. Nikamwambia, mzee, hebu ngoja kwanza!

Faili hiyo ilikuwa nzima. UTF-8, usimbaji uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huhifadhi ũ kwa baiti mbili: C5 na A9. Programu ya mzee ilizisoma kwa jedwali la Windows-1252, ambamo C5 ni Å na A9 ni ©. Katika lugha ya Python, tiba ni mstari mmoja:

maandishi.encode('cp1252').decode('utf-8')

Yaani, yarudishe maandishi kuwa baiti kwa jedwali lililokosea, kisha uyasome upya kwa lililo sahihi. Mũndũ anarudi na viwimbi vyake vyote.

Cha kuogopwa ni alama ya kuuliza. Ukiona “m?nd?”, jua kuna aliyeyahamisha maandishi hadi kwenye jedwali lisilo na ũ, kwa mfano Latin-1, lililoundwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi. (Ajabu ni kwamba ĩ na ũ zimo katika ISO 8859-4, la lugha za Ulaya Kaskazini!) Python yenyewe hukataa uhamisho huo na kutoa kosa. Wengi wenye haraka huinyamazisha kwa errors='replace', wakapata alama za kuuliza, au errors='ignore', wakabaki na “mnd”. Hapo hakuna dawa ila kuitafuta faili ya awali. Mimi naona heri programu ikwame kuliko jina la mtu liliwe kimyakimya.

Nasi wa Kiswahili tusicheke sana. Ritifaa iliyopinda haimo katika ASCII, ndiyo maana “ng’ombe” wakati mwingine hutokea kama “ngâ€™ombe”. Jina la marehemu Ngũgĩ wa Thiong’o lina mitego yote mitatu.

Kuna na wa nne. Unicode inaruhusu ũ iwe herufi moja, au u ikifuatwa na kiwimbi peke yake. Kwa macho ni sawa kabisa, lakini ukitafuta jina lililoandikwa kwa njia moja hulipati lilipoandikwa kwa nyingine. Kabla ya kulinganisha orodha mbili za majina, zipitishe zote kwenye unicodedata.normalize('NFC', jina), ili kila ũ iwe herufi moja.