Popkoni ya sinema: namna ladha ya Marekani inavyopatikana nyumbani kwa sufuria na mbabula

Sufuria moja yenye kifuniko, mahindi ya kupasuka, mafuta ya nazi, chumvi iliyosagwa laini na kijiko kidogo cha mawese. Vitu hivyo vinatosha kutengeneza nyumbani popkoni yenye ladha inayokaribia sana ile inayouzwa kwenye majumba ya sinema ya Marekani.

Popkoni, ama bisi kama wanavyoiita majirani wa Tanzania, si kitu kigeni mashariki mwa Kongo. Kinamama wanaiuza kwenye mifuko midogo karibu na masomo, sokoni na kwenye vituo vya magari. Lakini mtu aliyewahi kuonja ile ya sinema, ama ndugu aliyeko Marekani anayetamani kuitengeneza kwake bila kulipa bei ya sinema, anajua kwamba ladha si moja. Ile ya sinema ni ya manjano, ina harufu ya siagi tangu mlangoni, na chumvi yake iko kwenye kila punje, haianguki chini ya mfuko.

Tofauti hiyo ina sababu zake, na sababu hizo zina historia ndefu.

Chakula kilichofukuzwa mlangoni

Mwaka wa 1885, mfanyabiashara Charles Cretors alianzisha kampuni yake katika mji wa Chicago. Alikuwa na mashine ya mvuke ya kukaangia karanga, kisha akaitengeneza upya ili ipasue pia mahindi. Kabla yake, wauzaji walikuwa wakipasulia mahindi ndani ya kikapu cha waya juu ya moto, na chumvi na mafuta vinamwagwa baadaye. Mashine ya Cretors ilipika mahindi ndani ya mafuta yenyewe pamoja na chumvi, kila punje ikatoka imekolea. Mwaka wa 1893 aliipeleka kwenye maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago, na tangu hapo popkoni ikaingia barabarani kwa mikokoteni.

Lakini wenye majumba ya sinema hawakuitaka. Majumba yao yalikuwa na mazulia na mapazia ya thamani, na wao walitaka yafanane na majumba ya opera. Filamu za wakati huo hazikuwa na sauti, na kelele ya watu wanaotafuna ilisikika ukumbi mzima. Wauzaji walibaki nje, na mahali pengine mteja aliombwa kuacha popkoni yake mlangoni pamoja na koti lake.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. La kwanza ni filamu zenye sauti, zilizoanza kuenea kuanzia mwaka wa 1927. La pili ni mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka wa 1929. Watu walipoteza kazi, lakini mfuko wa popkoni uliuzwa kwa senti 5 mpaka 10, na hata maskini aliweza kuununua.

Katika mji wa Kansas City, mjane mmoja, Julia Braden, alimwomba mwenye ukumbi wa sinema wa Linwood amruhusu kuweka meza yake ndani, sehemu ya kuingilia. Alikubaliwa. Kufikia mwaka wa 1931 alikuwa na meza nne kwenye kumbi mbalimbali, zikimwingizia zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka, wakati benki na viwanda vilikuwa vinafunga. Wenye sinema walipoona faida hiyo, wakaanza kununua mashine zao wenyewe. Kumbi zilizokataa ziliendelea kupata hasara.

Vita ya Pili ya Dunia ikamalizia kazi. Sukari ilipungua Marekani, peremende zikawa adimu, na popkoni haikuhitaji sukari. Ilipofika mwaka wa 1945, zaidi ya nusu ya popkoni yote iliyoliwa Marekani ililiwa ndani ya sinema.

Vitu vitatu vinavyoleta ladha

Kitu cha kwanza ni mafuta ya nazi. Ndiyo yanayotoa harufu tamu kidogo na kufanya popkoni iwe nyepesi mdomoni. Mafuta hayo yanaganda kwenye joto la chini ya nyuzi 24 hivi. Katika miji ya baridi kama Goma na Bukavu, mtu atakayeyanunua atayakuta magumu kama samli, na hiyo si dalili ya kuharibika. Yanapoganda juu ya popkoni iliyopoa, hayaachi unyevu wala utelezi kama mafuta mengine ya kupikia.

Kitu cha pili ni chumvi. Sinema nyingi za Marekani zinatumia bidhaa iitwayo Flavacol, inayotengenezwa na kampuni ya Gold Medal ya mji wa Cincinnati. Ni chumvi laini sana, karibu kama unga, iliyochanganywa na ladha bandia ya siagi na rangi ya manjano. Kwa kuwa ni laini, inashika. Chumvi ya kawaida ina chembe kubwa zinazoteleza juu ya popkoni na kuishia chini ya bakuli.

Kitu cha tatu ni wakati wa kuweka chumvi. Kwenye sinema, haingoji popkoni iive. Inaingia kwenye chungu cha mashine pamoja na mafuta na mahindi, kabla ya punje ya kwanza kupasuka. Punje inapofunguka inajipaka mafuta yenye chumvi pande zote. Hicho ndicho Cretors alichofanya zaidi ya miaka 130 iliyopita, na ndicho wapishi wengi wa nyumbani wanachosahau.

Ile siagi ya maji inayomiminwa juu ya popkoni, sehemu nyingi si siagi. Ni mafuta ya soya yaliyotiwa rangi na ladha.

Namna ya kupika

Kazi inaanza sokoni. Si kila hindi linapasuka. Mahindi ya ugali yana ganda laini linaloachia mvuke mapema, kwa hiyo yanakaangika tu na kubaki magumu. Mahindi ya popkoni ni aina ya pekee, yenye punje ndogo na ganda gumu sana. Ndani ya punje kuna maji kidogo, kama asilimia 14 ya uzito wake. Joto likifika karibu nyuzi 180, maji hayo yanakuwa mvuke unaosukuma ganda mpaka linapasuka, na wanga uliolainika unafura na kuganda mara moja.

Mahindi yaliyokaa muda mrefu kwenye gunia wazi yanakuwa yamepoteza maji hayo. Dawa yake ni rahisi: vikombe vitatu vya mahindi vinawekwa kwenye chupa yenye kifuniko pamoja na kijiko kimoja kikubwa cha maji, vinatikiswa, kisha vinaachwa siku mbili mpaka nne huku chupa ikitikiswa mara kwa mara. Baada ya hapo punje nyingi zitapasuka tena.

Kipimo cha sinema ni mahindi sehemu tatu kwa mafuta sehemu moja. Nyumbani, nusu kikombe cha mahindi kinahitaji vijiko vikubwa karibu vitatu vya mafuta ya nazi. Anayekosa mafuta ya nazi anaweza kutumia ya alizeti ama ya karanga. Popkoni itapasuka vizuri, ila harufu haitakuwa ileile.

Rangi inapatikana karibu. Viwanda vya Marekani vinatia kwenye mafuta ya popkoni rangi iitwayo karotini. Karotini hiyohiyo ndiyo inayofanya mawese ya Beni ama ya Fizi yawe mekundu. Kijiko kimoja kidogo cha mawese ndani ya mafuta ya nazi kinatosha kuleta ule umanjano. Kikizidi, ladha ya mawese inafunika yote na popkoni inageuka kuwa chakula kingine. Asiyependa mawese anaweza kutumia manjano ya unga, kiasi cha kuokota kwa ncha ya kisu.

Chumvi ya kawaida inatwangwa kwenye kinu kidogo ama inasagwa kwa chupa mpaka iwe laini kama unga. Nusu kijiko kidogo kinatosha kwa kipimo hicho cha mahindi.

Sufuria yenye kitako kizito inawekwa kwenye moto wa kati. Kwenye mbabula, makala yawe yamekolea bila moshi, kwa sababu mafuta ya popkoni yanashika harufu ya moshi upesi. Mafuta yanaingia kwanza, pamoja na punje tatu za kupimia. Punje hizo zikipasuka, joto limefika. Sufuria inaondolewa motoni, mahindi yote na chumvi vinaingia, vinatikiswa, na baada ya nusu dakika sufuria inarudishwa. Mapumziko hayo mafupi yanazipa punje zote joto sawa, hivyo zinapasuka karibu pamoja na chache tu zinabaki chini.

Kifuniko kinaachwa wazi kidogo upande mmoja. Mvuke ukifungiwa ndani, popkoni inakuwa kama mpira. Sufuria inatikiswa mara kwa mara, na mlio ukipungua mpaka sekunde mbili hivi kati ya punje moja na nyingine, chakula kinamwagwa upesi kwenye bakuli pana.

Kwa anayetaka siagi juu yake, inafaa iyeyushwe kwanza na kuachwa ichemke taratibu mpaka povu liishe. Siagi ina maji, na maji hayo ndiyo yanayolowesha popkoni. Samli haina tatizo hilo, na wapishi wengi wanaona kwamba inakaribia zaidi ladha ya sinema za zamani.

Ladha na mapafu ya wafanyakazi

Hamu ya kupata harufu ya siagi bila siagi iliwahi kuwagharimu watu afya yao. Mwaka wa 2000, katika jimbo la Missouri, ilijulikana kwamba watu wanane waliokuwa wamefanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha popkoni za tanuri ya maikrowevu walikuwa na ugonjwa wa mapafu usiotibika, ambao unaziba njia ndogo za hewa. Uchunguzi wa taasisi ya serikali inayoshughulikia usalama wa wafanyakazi ulielekeza kwenye mvuke wa ladha bandia ya siagi, hasa kemikali iitwayo diasetili.

Kemikali hiyo imo kwa kiasi kidogo ndani ya siagi ya kweli, na kuila hakukuwa tatizo. Hatari ilikuwa kwa waliochanganya mapipa ya ladha hiyo na kuvuta hewa yake kila siku. Kesi zilifika mahakamani, na kuanzia mwaka wa 2007 makampuni makubwa ya popkoni yalianza kuiondoa kwenye bidhaa zao. Popkoni ya sufuria, mafuta na samli haihitaji ladha ya namna hiyo.

Kuna pia swali la mafuta. Mwaka wa 1994 shirika la CSPI la watetezi wa walaji lilishtua Wamarekani kwa kutangaza kwamba mfuko mmoja wa kati wa popkoni ya sinema, wenye mafuta ya nazi na siagi juu, ulikuwa na mafuta yenye kudhuru moyo kuliko chakula cha siku nzima cha nyama na mayai. Sinema nyingi zilibadilisha mafuta baada ya hapo, lakini wateja walilalamikia ladha, na baadhi ya kumbi zilirudi kwenye nazi.

Nyumbani, mpishi ndiye anayepima. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja kidogo kwa vyakula vyote pamoja. Wenye shinikizo la damu wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Watoto walio chini ya miaka minne wasipewe popkoni kabisa, kwa sababu punje inaweza kuwakaba.

Kutoka ukumbini mpaka nyumbani

Kwa wenye sinema, popkoni si chakula cha pembeni. Sehemu kubwa ya pesa za tiketi inarudi kwa watengenezaji wa filamu, lakini pesa za popkoni zinabaki kwao. Ugonjwa wa Covid-19 ulipofunga kumbi mwaka wa 2020, baadhi yao waliuza popkoni mlangoni kwa watu waliotazama filamu nyumbani. Mwezi Machi 2023, AMC, kampuni kubwa ya sinema nchini humo, ilianza kuuza popkoni yenye jina lake kwenye maduka ya Walmart.

Kwa Wakongo wengi waliopokelewa Marekani kama wakimbizi, mahindi hayo na mafuta ya nazi yanapatikana kwenye duka lolote la chakula, na mfuko mmoja wa mahindi unalisha familia mara nyingi kwa bei inayokaribia ya popkoni moja ukumbini.

Kwa kinamama wanaouza popkoni Goma, Bukavu, Uvira ama Butembo, hatua iliyo rahisi kuliko zote haiongezi hata franga moja kwenye matumizi: kusaga chumvi iwe unga, na kuitia kwenye mafuta kabla mahindi hayajapasuka.