HELIKOPTA NDOGO NA MTAMBO WAKE WA AMRI

Askari yeyote aliyepata kutumikia katika kikosi cha mawasiliano anafahamu kwamba jeshi lisilo na mawasiliano ni sawa na kipofu aliyenyang'anywa fimbo yake. Amri ikipotea njiani, ushujaa wa walio mbele hauna faida. Kanuni hiyo ndiyo inayotawala mchezo mmoja unaowavutia hata watu wazima wenye sare wanapokuwa likizoni, nao ni mchezo wa kurusha helikopta ndogo zinazoongozwa kwa mawimbi ya redio.

Mtu anayeuanza mchezo huu huitazama helikopta kwanza: rangi yake, urefu wa mapanga yake na nguvu ya injini yake. Mtambo wa kuongozea, yaani transmita, huupokea wowote uliomo ndani ya boksi. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Helikopta ya mwanafunzi haina budi kuanguka, na kila ianguipo itataka vipuri. Transmita haianguki, hubaki mikononi mwa mwenyewe, na ikiwa imechaguliwa vema itaziongoza helikopta tatu au nne zitakazofuata. Kwa hiyo mwenye mshahara wa kuhesabu yampasa aanze kuichagua transmita, ndipo aitafute helikopta inayolingana nayo.

MASAFA

Kuongoza chombo kwa redio si jambo geni. Mwaka 1898 mvumbuzi Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyotii amri bila ya waya. Helikopta ndogo zilichelewa sana kwa sababu ya ugumu wa kuzituliza hewani, mpaka karibu na mwaka 1970 ambapo Mjerumani Dieter Schlüter alipata sifa kwa kuzirusha barabara.

Mitambo ya zamani ilitumia kipande cha fuwele kilichoamua masafa. Barani Ulaya vyombo vya angani vilipewa megahezi 35, na Marekani megahezi 72. Watu wawili wakiwasha mitambo yenye masafa yale yale, helikopta iliyo hewani ilisikia amri mbili kwa pamoja ikaanguka. Ndiyo sababu viwanjani kulikuwa na ubao wa vibanio: asiyeshika kibanio cha masafa yake hakuruhusiwa kuwasha, kama vile mlinzi asivyoweza kufungua ghala la silaha bila ya ufunguo.

Mitambo ya siku hizi hutumia gigahezi 2.4. Transmita na kipokezi kilichomo ndani ya helikopta hufunganishwa kwanza, kisha kipokezi humtii bwana wake peke yake, mithili ya lindo lenye neno la siri. Aidha, mitambo mingi huruka kutoka masafa haya hadi yale mara nyingi kwa kila sekunde, hata kelele ya mtambo mwingine isiweze kuizuia amri. Urefu wa wimbi lake ni sentimita 12.5 tu, hali wimbi la megahezi 35 lilizidi mita 8. Ndiyo maana antena nayo imekuwa fupi. Anayeanza leo asishawishiwe na urahisi wa bei akanunua mtambo wa fuwele.

CHANELI NA PROGRAMU

Kila chaneli ni njia moja ya amri. Helikopta ndogo ambayo mapanga yake hayabadili pembe hutosheka na chaneli nne. Helikopta kamili, ambayo mapanga yake hugeuza pembe ili kupanda na kushuka, huhitaji sita kwa uchache: nguvu ya injini, pembe ya mapanga, kuinama mbele na nyuma, kuinama kushoto na kulia, mkia, na ukali wa jairo inayoutuliza mkia huo.

Lakini wingi wa chaneli peke yake hautoshi. Mnunuzi aulize kama transmita ina programu ya helikopta. Zipo nzuri zilizotengenezwa kwa ajili ya ndege tu, ambazo haziwezi kupatanisha nguvu ya injini na pembe ya mapanga. Aulize pia kama ina kumbukumbu ya kuhifadhi mipango ya helikopta zaidi ya moja.

SWICHI YA KUOKOA MAISHA

Mtu asidhani kwamba hivi ni vitu vya watoto. Mapanga ya helikopta hizi huweza kuzunguka zaidi ya mara 2000 kwa dakika. Mwaka 2013, katika bustani moja ya Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 alipigwa na helikopta yake mwenyewe akafariki dunia. Hapana budi transmita iwe na swichi ya kuikata injini papo hapo, na kidole cha mrushaji kiijue swichi hiyo kama kinavyoijua kufuli ya bunduki. Kadhalika, kipokezi kipangwe kizime injini chenyewe endapo mawasiliano yatakatika.

MKONO GANI?

Kuna mipango miwili mikuu ya vijiti. Katika mpango wa pili, mkono wa kushoto hupandisha helikopta na kugeuza mkia, na wa kulia huinamisha. Mpango huo unakaribiana na helikopta halisi, ambayo rubani wake huishika wenzo ya kupandia kwa mkono wa kushoto. Katika mpango wa kwanza, kupandisha ni kazi ya mkono wa kulia. Mkono uliokwisha kuzoea ni mgumu kufundishwa upya. Basi na uchaguliwe mpango anaoutumia mwalimu wako.

Vile vile, ulizia mtambo wa mwalimu huyo ni wa kampuni gani. Kwa kawaida transmita ya Futaba haielewani na kipokezi cha Spektrum, ingawa siku hizi ipo mitambo, kama ya RadioMaster, inayosema lugha za kampuni nyingi. Mitambo inayopatana huweza kuunganishwa, mwalimu akatwaa uongozi mara mwanafunzi aponzwapo. Transmita iunganikayo na kompyuta ni bora zaidi, kwani humwezesha mwanafunzi kuanguka mara mia kwenye kioo bila ya kununua hata parafujo moja.

NIDHAMU YA KIWANJA

Mwisho, mtambo mzuri hautamfaa mtu asiye na utaratibu. Transmita huwashwa kwanza na kuzimwa mwisho. Kabla ya kuruka, nguvu yake hupunguzwa na mrushaji huenda umbali wa hatua 30 hivi, kuona kama amri bado zinatiiwa. Ncha ya antena isielekezwe kwenye helikopta, maana nchani ndipo mawimbi yanapokuwa hafifu. Kibali cha wakuu wa usafiri wa anga kiulizwe mapema, na viwanja vya ndege viepukwe kabisa.

Ndugu askari na polisi, silaha haichaguliwi kwa mng'aro wake bali kwa utii wake. Na transmita ichaguliwe hivyo hivyo.