Kompyuta Ikikataa Kuwaka, Usikubali Ifutwe Upesi

Katika nyumba za askari, walimu na wafanyabiashara, tangu mjini Kasese hadi Bwera mpakani, kompyuta imekuwa sanduku la kuhifadhia mambo makubwa ya jamaa. Humo mna nakala za vyeti vya watoto, barua za pensheni, mapatano ya kununua shamba, hesabu za kahawa na za chama cha akiba, na picha za wazee waliokwisha kututangulia. Siku chombo hicho kinapokataa kuwaka, nyumba nzima huingiwa na hofu, na mwenye mali hukubali neno la kwanza analoambiwa: "Lazima ifutwe, itiwe programu upya." Kufuta kwaweza kuifufua kompyuta, lakini kwaweza pia kuipoteza mali yote iliyokuwamo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kukubali yafaa ujue kompyuta yako imekwama katika hatua gani.

Safari ya kuwaka ina hatua nne. Kwanza, umeme huingia. Pili, programu ndogo iliyotiwa kiwandani katika kibao kikuu huamka na kukagua kumbukumbu, kibodi na diski. Tatu, mfumo mkuu, kama vile Windows, hupakiwa kutoka katika diski. Nne, mfumo huo huziita draiva zake, kisha hukufungulia mlango.

Draiva ni nini? Aliyewahi kwenda soko la Mpondwe ataelewa upesi. Mnunuzi wa Kampala asemaye Luganda peke yake hawezi kupatana bei na muuzaji wa Butembo asemaye Kinande, ila kwa msaada wa mkalimani. Draiva ndiyo mkalimani kati ya mfumo mkuu na kifaa kimoja, kiwe printa, kioo, spika au intaneti isiyo na waya. Mkalimani akikosekana, kifaa hukaa bubu. Akiwa mbovu, au akiwa wa kifaa kingine, huweza kuvuruga soko zima, na kompyuta ikaanguka ingali yaamka.

Sasa tuanze uchunguzi. Ikiwa hapana taa wala sauti, kosa ni la umeme. Jaribu soketi ile ile kwa taa ya meza. Kagua waya na chaja. Kwa laptopu, chomoa chaja, toa betri ikiwa yatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha uirudishe chaja peke yake na ujaribu tena. Umeme wa Uganda ni wa volti 240, na unapokatika na kurudi huweza kupanda ghafla. Katika miezi ya mvua, radi zinapovuma chini ya milima ya Rwenzori, dawa iliyo bora ni kuchomoa plagi. Aghalabu kosa la hatua hii huwa halijazigusa nyaraka zako.

Ikiwa feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, au kompyuta inalia mlio wa kukatika-katika, shuku kadi ya kumbukumbu iliyolegea au kuingiwa na vumbi. Zima, chomoa waya, gusa chuma kwanza ili umeme wa mwilini utoke, kisha itoe kadi hiyo, ifute meno yake kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, na uirudishe mpaka ikae sawasawa. Tazama pia kama umesahau flashi ndani, maana kompyuta nyingine hujaribu kuwaka kwa flashi na kukwama hapo. Na ikiwa kila asubuhi saa yake imerudi nyuma miaka mingi, kijibetri cha mviringo katika kibao kikuu kimekwisha. Kwa kompyuta nyingi za mezani ni kile cha volti 3 kiitwacho CR2032. Tarehe ikikosewa, tovuti nyingi za intaneti hukataa kufunguka, na mtu hudhani mashine imekufa.

Lakini diski ikigonga-gonga, usijaribu tena na tena. Zima mara moja, kwani kila jaribio huweza kuiumiza zaidi. Hapo kazi ya kwanza ya fundi iwe kunakili nyaraka.

Ikiwa alama ya kiwanda inaonekana, kisha kinatokea kioo cha buluu, au kompyuta inajizima na kujiwasha bila kikomo, jiulize: ni kitu gani kilichoongezwa mwisho? Printa mpya? Programu iliyosasishwa jana? Hapo draiva ndiyo mshukiwa mkubwa.

Dawa yake ni hali ya usalama, ambamo Windows huamka na wakalimani wachache tu walio wa lazima. Katika Windows 10 na 11, kompyuta ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo chagua utatuzi wa matatizo, kisha chaguo za kina, kisha mipangilio ya kuwasha. Iache ijiwashe upya, halafu bonyeza 4. Ikiwa imefungwa kwa BitLocker, itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Basi uandike ufunguo huo kabla ya shida, na uuweke mbali na kompyuta.

Ukiisha kuingia, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi X, ufungue meneja wa vifaa. Kifaa chenye alama ya manjano kina kasoro. Fungua habari za draiva yake, uirudishe ile ya zamani, au uiondoe kabisa. Baadaye pata draiva mpya kutoka kwa kiwanda chenyewe au kwa njia ya Windows. Usiamini flashi za mitaani zinazodai kuwa na draiva zote, kwani nyingine hubeba virusi.

Ulimwengu ulipata funzo hilo Ijumaa tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike, ya Marekani, ilisambaza faili lenye kasoro lililosomwa na draiva yake. Kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zilianguka. Ndege hazikuruka, na hospitali zilikwama. Tiba kubwa iliyotangazwa ilikuwa kuingia katika hali ya usalama na kuliondoa faili lile moja. Haikulazimu kuzifuta nyaraka za watu.

Ikithibitika kwamba hapana budi kufuta, nakala zitangulie. Fundi aweza kuitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine, au kuiwasha mashine kwa flashi yenye mfumo wa Linux. Zifungue nakala hizo kwa macho yako kabla hajaendelea. Mwambie pia ajaribu kwanza njia ya Windows ya kujirudisha upya huku ikibakiza mafaili. Nawe askari, kompyuta yenye nyaraka za kazi usiipeleke dukani. Ipeleke kwa mhusika wa kikosi chako.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi likae mahali pawili: moja ndani ya kompyuta, la pili katika diski ya nje iliyofungiwa kabatini. Mwenye nakala hiyo humsikiliza fundi kwa utulivu, na akiambiwa "ifutwe", huwa na nguvu ya kuuliza kwa nini.