Je, Wajua? Makubwa ya Tundu la Sindano

Mgongo unauma? Goti je? Sogea hapa, jirani yangu wa Mjimwema, uyasikie haya!

Je, wajua kwamba huumwi peke yako? Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walisumbuliwa na maumivu ya kiuno. Ifikapo 2050, lasema Shirika la Afya Duniani, watakuwa milioni 843!

Je, wajua kwamba maumivu yana mwendo wa pole? Mguso hukimbia zaidi ya mita 30 kwa sekunde, lakini maumivu ya kufukuta hayazidi mita 2. Ndiyo maana ukijikwaa unashtuka kwanza, halafu ndipo kidole kinawaka!

Na mbona hukisugua? Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba mguso hufunga lango la maumivu kwenye uti wa mgongo. Haikupita hata miaka mitatu, Norman Shealy wa Marekani akampandikizia mgonjwa kifaa cha umeme cha kulifunga!

Umeme wenyewe si mgeni. Karne ya 1, tabibu wa Kirumi Scribonius Largus aliagiza mgonjwa wa gauti akanyage samaki taa mwenye umeme, hai, mpaka ganzi ipande gotini. Wewe ungekubali?

Mwaka 1898, uleule Wabenediktini walioanzisha misheni ya Peramiho, Mjerumani August Bier alimdunga msaidizi wake dawa ya ganzi mgongoni. Akampiga nyundo kwenye muundi, akamchoma na sigara: kimya, haumii! Ganzi ilipokwisha, pole yake.

Bier naye alikuwa amedungwa, maji ya mgongo yakavuja, akalala siku 9 kwa kuumwa kichwa. Siku hizi wajua kinachoziba tundu hilo la sindano? Damu yako mwenyewe! Huchotwa mkononi, ikadungwa mgongoni.

Je, wajua kwamba mfupa huzibwa kwa saruji? Mwaka 1984 madaktari wa Amiens, Ufaransa, waliipenyeza kwa sindano kwenye pingili ya shingo iliyoliwa na uvimbe.

Kuna sindano nyingine ambayo ncha yake hufikia nyuzijoto 80, ikauunguza mshipa wa fahamu unaopeleka maumivu. Sekunde 90 hivi, kazi imekwisha! Mshipa ukiota tena baada ya miezi, sindano inarudiwa.

Hata konokono wa baharini anatibu! Sumu ya mmoja wao, Conus magus, imezaa dawa ya zikonotaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Huingizwa taratibu mgongoni kwa pampu. Ndugu zake wapo pwani yetu, ila ukimwona usimwokote: wengine huua!

Na goti? Pale taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili, hutibiwa kwa matundu madogo, kamera ikipita kwenye tundu lisilofika sentimita 1.

Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu. Usiyazoee, wala usimeze diklofenaki kila siku ukaumiza figo. Anzia kituo cha afya cha Mjimwema, uulize habari za rufaa!