Maoni ya Mgonjwa: Somo Kutoka Huduma za Afya za Familia za Askari

Familia za askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) hutibiwa katika hospitali na vituo vya afya vya Jeshi, vinavyoendeshwa na Serikali chini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Maarufu zaidi ni Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo, jijini Dar es Salaam, yenye jina la mahali ambapo Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwezi Agosti 1891. Raia nao hupokelewa hapo.

Mkazi wa Ilongero aweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Familia ya askari haiishi kambini siku zote. Mwenza aliyebaki nyumbani, au mstaafu aliyerejea kulima alizeti, akishikwa na homa usiku hapelekwi Lugalo. Huenda zahanati ya jirani na kukaa kwenye benchi lile lile na wanakijiji wenzake. Zaidi ya hayo, huduma za familia za askari zinafundisha jambo moja ambalo ni rahisi kusahaulika: ukimya wa mgonjwa haumaanishi kwamba ameridhika.

Jeshini daktari ana cheo, na mume wa mgonjwa huenda ana cheo cha chini yake. Mama aliyesubiri tangu asubuhi hadi alasiri atafikiri mara mbili kabla ya kulalamika, akihofu kwamba neno lake litamrudia mumewe kikosini. Vijijini hakuna vyeo vya kijeshi, lakini hofu ni ile ile. Muuguzi ni mmoja, na ndiye atakayempokea mgonjwa huyo mwezi ujao akija na uchungu wa kujifungua. Sanduku la maoni likikaa tupu mwaka mzima, si haki kulihesabu kuwa ushahidi wa huduma njema.

Nchini Marekani, ambako mpango wa TRICARE huhudumia askari, wastaafu na familia zao zaidi ya milioni 9, Wizara ya Ulinzi hutuma madodoso moja kwa moja kwa wanufaika. Dodoso haliishii kuuliza kama mtu ameridhika. Huuliza kama alipata miadi kwa wakati alioihitaji, na kama daktari alimsikiliza na kumweleza kwa namna inayoeleweka. Jibu la swali la namna hiyo laweza kufanyiwa kazi. Anayeandika "huduma mbaya" hamsaidii Mganga Mfawidhi. Anayeandika kwamba Jumatatu fulani maabara ilifungwa hadi saa tano amemwonyesha pa kuanzia.

Tanzania nayo imewahi kujipima. Mwaka 2015/16 vituo zaidi ya 6,900 vya afya ya msingi vilipimwa kwa mfumo wa nyota, na namna vinavyowajali wateja ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoangaliwa. Takribani theluthi moja havikupata nyota hata moja.

Hata hivyo, kuridhika hakutoshi kuwa kipimo cha tiba. Mgonjwa mwenye homa hupimwa malaria kwa kipimo cha haraka, majibu yakaonyesha kwamba hana vimelea, na muuguzi akakataa kumpa dawa mseto. Huondoka akinung'unika, ilhali ametibiwa ipasavyo. Mwenzake aliyepewa sindano asiyoihitaji hurudi nyumbani akisifu. Kosa la yule muuguzi wa kwanza, kama lipo, ni kutoeleza sababu, na kukosa maelezo ni malalamiko halali kabisa.

Maoni yana uzito zaidi sasa kwa sababu ya utaratibu wa fedha. Tangu mwaka 2017/18, sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo. Kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi, hushiriki kupanga matumizi yake. Lalamiko kuhusu choo kibovu au ukosefu wa taa katika chumba cha kujifungulia lina mahali pa kufikia. Upungufu wa dawa au wa watumishi huenda mbali zaidi, hadi Bohari ya Dawa na Serikali Kuu, na haufai kutarajiwa kumalizwa na kamati peke yake.

Mwenye lalamiko aanze kwa Mganga Mfawidhi au mjumbe wa kamati. Asiporidhika, afike kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, ni mahali pengine pa kuliuliza. Ataje tarehe, idara na kilichotokea. Si lazima aandike jina lake. Asiyejua kuandika amweleze mjumbe wa kamati kwa mdomo, naye aliandike kama alivyoambiwa.