Ijue Betri Yako: Volti, Ampea na Wati

Wakulima wa skimu za makazi huko Likoni, Kisauni na Changamwe hutumia betri kwa taa, redio, na hata pampu ndogo ya kisimani. Mara nyingi mtu hununua betri kwa fedha nyingi, na kabla mwaka haujaisha imekufa. Kosa huenda si la betri wala la mwenye duka, ila ni la hesabu.

Fikiri pipa la maji lililowekwa juu ya jukwaa. Jukwaa likizidi urefu, maji husukumwa kwa nguvu zaidi. Msukumo huo ni kama volti. Wingi wa maji yapitayo katika mpira ni kama ampea. Nguvu ya kazi ipatikanayo kwa hayo mawili pamoja ndiyo wati. Hesabu yake ni hii: volti mara ampea ni wati.

Betri nyingi za sola ni za volti 12. Taa ya wati 6 huvuta nusu ampea. Pampu ya wati 240 huvuta ampea 20, sawa na taa 40 zikiwaka pamoja!

Sasa soma maandishi ya betri. Ukiona 12V 100Ah, zidisha 12 kwa 100, upate wati-saa 1,200. Hiyo ndiyo akiba yake. Lakini usiitumie yote. Betri ya asidi ikitumiwa kupita nusu kila siku hufa upesi. Basi hesabu wati-saa 600 tu.

Tuseme mkulima ana taa 4 za wati 6, nazo huwaka saa 5. Hizo ni wati-saa 120. Redio ya wati 10 kwa saa 6 ni wati-saa 60. Jumla ni 180, na betri yamtosha siku tatu hata jua lisipotoka. Siku moja anaiunga pampu ile amwagilie mchicha wa kupeleka soko la Kongowea. Kwa saa mbili na nusu tu, zile 600 zimekwisha. Akiendelea mpaka jioni, mchicha utapata maji, lakini watoto watakosa taa ya kusomea, na betri itaharibika.

Pampu kama hiyo yafaa iwe na paneli zake, ifanye kazi mchana jua likiwaka, na maji yajazwe katika tangi. Hapo akiba yako itakuwa ya maji, si ya umeme.

Kumbuka pia mambo haya:

1. Ampea nyingi zataka waya mnene. Waya mwembamba hupata moto, na nyumba ya makuti huungua upesi. Weka fyuzi karibu na betri.

2. Betri ikae penye hewa, mbali na moto, kwani ikichajiwa hutoa gesi iwakayo.

3. Betri ya kujazwa maji ijazwe maji ya betri, si ya kisima, ambayo huku pwani mara nyingi yana chumvi.

Basi kabla ya kwenda dukani, andika wati za kila chombo na saa zake, kisha ujumlishe. Karatasi hiyo itakuokolea fedha.